Baraka Haionjwi

Laptopu ya Gatimu ilipoanza kukohoa, Wamucii alisimamisha cherehani akasikiliza. Ilikuwa inafanya kwa-kwa-kwa, inanyamaza, kisha kwa-kwa-kwa tena, na kila iliponyamaza moyo wake nao ulisimama. Si kwamba alipenda mashine. Mambo ya mashine hakuwa na habari nayo. Ila ndani ya ile laptopu kulikuwa na maneno ambayo mumewe alimwekea mtoto wao kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo haikuwepo tena.

Gatimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, kitambaa cheupe kimefunika tundu la shingoni, pale madaktari walipotoa koromeo pamoja na saratani iliyokuwa imeling'ang'ania. Mtu aliyekuwa mshereheshaji jamani! Mtu ambaye harusi, kuanzia Machakos mjini hadi huko Yatta, haikuitwa harusi mpaka yeye ashike maiki! Alikuwa akiuliza tu, "Nyanya ya bibi arusi yuko wapi?" na ajuza aliyeletwa ameshikwa mkono anaacha fimbo kwenye kiti anaenda kucheza. Sasa alikuwa anapumulia shingoni na kuongea kwa kidole, akiandika kwenye simu neno baada ya neno.

Daktari hakumficha. Alimwambia kabla ya operesheni kwamba maisha yatabaki lakini sauti itaenda. Gatimu alirudi nyumbani Katelembo, akafunga mlango wa chumba cha kulala, akaweka kamera juu ya kabati na maiki yake nzuri ya kazi mbele ya laptopu, akaanza kusema yote ambayo baba anataka mtoto wake ayasikie. Mtoto walikuwa naye mmoja tu, Wagaki. Na kubwa kuliko yote ilikuwa baraka ya siku yake ya mahari. Kwao, mambo ya mbuzi na blanketi huzungumzwa na wazee, na hata jirani anaweza kukukopesha ulimi wa kujadiliana. Lakini baraka ya msichana anayeondoka nyumbani hutoka kinywani mwa baba yake, na kinywa hicho hakiazimwi.

Kurekodi kwa simu alikataa. "Mimi nimekula kwa hii sauti miaka yote," alisema, wakati ule bado anasema. "Siwezi kuiweka kwa simu kama mtu anadai deni." Wagaki alipomwambia rekodi hizo aziweke kwenye mtandao, huko haziwezi kupotea, alikataa pia. Maneno yake yakae kwa nyumba yake. Mkewe naye alipewa amri moja.

"Mama Wagaki, usisikilize. Hata ukipita hapo nje, pita. Baraka haionjwi kabla ya siku yake."

Wamucii alicheka akasema yeye ana kazi zake, nani ana wakati wa kusikiza mzee akiongea na kabati.

Sasa laptopu inakohoa, na fundi Erastus, kijana wa pale kituoni aliyeitwa kuiangalia, alitega sikio akatikisa kichwa.

"Mama, hii diski ya ndani inakufa. Leo iko, kesho haiko. Mnunue ingine ya nje, nihamishe vitu vyote, halafu hii niitoe niweke mpya."

Gatimu aliandika haraka, akamwonyesha mkewe simu: "Nenda mjini leo. Nunua nzuri."

*

Duka la Ramzi liko mtaa wa chini ya soko, la kioo, na Ramzi mwenyewe ni mtu wa maneno machache, aliyezaliwa hapo hapo Machakos kwa baba aliyekuja kutoka pwani akiuza nguo. Alimuuliza Wamucii anataka kuhifadhi nini. Wamucii alikuwa amepanga kusema "picha tu," lakini ukweli ukamponyoka.

"Sauti ya baba watoto. Alitolewa koo."

Ramzi akaacha alilokuwa akifanya. "Pole sana, mama. Mungu amzidishie afya." Akafungua kabati la kioo akatoa kiboksi kidogo, cheusi, kisicho na mbwembwe. "Chukua hii. Ni ndogo, na bei yake si tamu, nakwambia mapema. Lakini ni ya kweli, ina waranti, na ikikusumbua mimi niko hapa na duka halina magurudumu."

"Ndogo hivi? Itatosha?"

"Itatosha na kubaki. Na ungekuwa dada yangu ningekwambia ununue mbili. Kitu kikikaa mahali pamoja, mama, hesabu kwamba hakijakaa." Akaegemea kaunta. "Lingine. Mkishahamisha, msifute kule kwa zamani mpaka mfungue kila kitu, kimoja kimoja, msikilize hadi mwisho. Kuona jina si kuona kitu."

Maneno hayo Wamucii aliyasikia vizuri. Msije mkasema baadaye kwamba hakuambiwa. Aliambiwa, akaitikia, akatoa na pochi kabisa. Tatizo lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli mkubwa, palikuwa na meza ya Josphat Mutiso: chaja, vifuniko vya simu, redio ndogo, saa za kung'aa. Josphat alikuwa mzee wa kanisa lao. Tena si mzee wa kanisa wa kukaa kiti cha mbele na kusinzia, la hasha. Hospitali ya Nairobi iliposema Gatimu hapokelewi kitandani bila pesa ya kwanza, ni Josphat aliyekuwa mwenyekiti wa harambee. Alisimama mlangoni mwa kanisa mvua inanyesha, amekunja suruali, akawaambia watu, "Leo hakuna mtu anaenda nyumbani kula kuku na mwenzetu anakosa pumzi." Alizunguka na ile kadi ya mchango mpaka kwa wauza makaa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mtu wa aina hiyo huwezi kumkwepa ukipita mbele ya meza yake.

Naye akamwona. Alivuka barabara mbio, uso wote kicheko, akimsalimu kwa Kikamba.

"Wi museo, Mama Wagaki! Sasa unanunua kwa watu na mimi niko hapo? Nimekukosea wapi?"

Alitania tu, maskini. Lakini kina mama wawili wa kwaya waliokuwa mezani kwake walisikia, wakageuka, wakatazama pochi ya Wamucii iliyo wazi juu ya kaunta ya mtu mwingine. Mmoja akamnong'oneza mwenzake. Wamucii alihisi uso ukiwaka moto. Alijua kinachosemwa bila kukisikia: shukrani ya punda ni mateke. Watu wamemchangia mpaka mumewe amepona, leo pesa yake anaipeleka kwa duka la kioo.

Wewe unayesoma, ungefanya nini? Ungesema, "Samahani ndugu Josphat, vitu vyako sina imani navyo"? Na ungemwimbia Mungu wapi Jumapili?

"Nilikuwa nauliza bei tu," Wamucii alisema. Kiboksi cheusi akakisukuma kirudi kwa Ramzi, na hakuweza kumtazama machoni. Ramzi hakumlaumu. Alikirudisha kabatini, akasema, "Fungua zote, mama. Usisahau hilo."

Diski ya Josphat ilikuwa kubwa, ya chuma, nzito mkononi, na ina taa ya buluu. Juu yake pameandikwa nafasi ya tera kumi na sita.

"Ya yule jamaa iko na ngapi? Moja? Mbili?" Josphat aliuliza. "Hii utaweka sauti ya mzee, uweke na ya Ibrahimu na Isaka, na bado nafasi inabaki. Shika uone uzito. Hii ni kitu." Na bei yake ilikuwa chini ya ile ya Ramzi kwa mbali. Wamucii alipolipa, Josphat alimrudishia noti moja akaifumbata ndani ya kiganja chake. "Hiyo ni ya maziwa ya mzee. Msalimie."

Kwa hiyo akarudi nyumbani na diski kubwa, bei nafuu, heshima yake nzima, na maziwa. Njia nzima alijiambia kwamba Mungu ndiye aliyemwongoza avuke barabara.

*

Erastus alihamisha vitu kutwa nzima. Gatimu alikaa kando yake akitazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini. Zilianza nyimbo, zikafuata harusi za watu alizowahi kusherehesha, foleni ndefu, na mwisho kabisa likaingia fungu lililoitwa WAGAKI. Mashine ilipomaliza, Erastus aliwaonyesha orodha, na majina yote yalikuwepo. "Wagaki baraka." "Wagaki akipata mtoto wa kwanza." "Wagaki akigombana na bwana." Wamucii aliposoma hilo la mwisho alicheka, na Gatimu akatikisika mabega, kicheko chake cha siku hizi kisicho na mlio.

Erastus akafungua wimbo mmoja, ukaimba. Akafungua harusi moja ya zamani, wakamwona Gatimu mwenyewe amevaa koti jeupe anawatania wakwe kwamba wamekuja na tumbo na wameacha mbuzi. Iko sawa kabisa.

"Tufungue na hizi za Wagaki?" Erastus akauliza, kidole tayari.

Wamucii alikumbuka maneno ya Ramzi. Alifungua kinywa ili aseme ndiyo. Lakini Gatimu alikuwa ameshamshika kijana mkono. Alitikisa kichwa kwa nguvu, akaandika: "Hapana. Siku yake bado."

"Lakini Baba Wagaki, yule wa duka alisema..."

Gatimu aligonga yale maneno kwa ukucha. Siku yake bado. Alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyenyang'anywa vitu vingi na amebakiwa na kimoja cha kuamulia. Wamucii akamwashiria Erastus afunge orodha. Angewezaje kubishana na mtu asiyeweza kumjibu?

"Basi ile ya zamani nitaifanya nini?" Erastus aliuliza akiwa ameshafungua tumbo la laptopu, diski inayokufa mkononi.

"Si ni takataka? Chukua, ukipata wa vyuma uuze, ununue soda," Wamucii alimwambia. Kwa kinywa chake mwenyewe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na yeye alikuwa anaujua msemo huo tangu shule ya msingi.

Ile diski ya Josphat waliifunga kwa kitambaa cha meza walichozawadiwa siku ya harusi yao, wakaiweka kabatini juu ya mashuka.

*

Wakwe walikuwa wanatoka Kithyoko. Kijana mwenyewe, Matthew, alikuwa mwalimu, mpole, na watu wake walishatuma salamu kwamba wanakuja na mahari Jumamosi. Wagaki alifika nyumbani siku chache mapema kutoka Konza, anakofanya kazi ya ofisi, amebeba televisheni ya kuazima ili siku hiyo kila mtu amwone baba yake na kumsikia vizuri. Nyumba ilinuka rangi mpya. Gatimu alikuwa amenyolewa, na suti yake ilitundikwa mlangoni, ingawa shingo ya shati ilibidi Wamucii aipasue na kuishona upya ili tundu lipate hewa.

Gatimu alipokwenda kupumzika mchana, Wagaki alimvuta mama yake sebuleni.

"Mama, si tujaribu kama TV inasoma hiyo diski? Sisikilizi. Nataka tu nione kama inafunguka, nizime."

Wamucii aliileta. Taa ya buluu ikawaka, majina yakatokea, na moyo ukatulia. Wagaki akabonyeza "Wagaki baraka." Skrini ikawa nyeusi, kisha ikaandika kwamba faili hii haiwezi kusomwa. Akabonyeza ile ya mtoto wa kwanza. Haiwezi kusomwa. Akabonyeza ya kugombana na bwana. Alibonyeza moja baada ya nyingine kwa haraka zaidi na zaidi, na televisheni ikawa inarudia jibu lile lile.

"Labda ni TV," Wamucii alisema.

"Labda," Wagaki akasema, lakini alikuwa ameshaishika simu.

Haikuwa televisheni. Walimpigia Erastus, akaja na laptopu yake, akajaribu hiki na kile, jasho linamtoka. Mwishowe aliomba ruhusa, akachukua bisibisi akaifungua ile diski ya chuma. Woi! Ndani hamkuwa na diski. Mlikuwa na memori kadi ndogo kama ukucha wa mtoto, imegandishwa kwa gundi kwenye kibao cha taa, na kando yake nati tatu za pikipiki za kuongeza uzito.

"Ni feki, mama," Erastus alisema kwa sauti ya chini. "Hii kakadi imefundishwa kudanganya. Inasema niko na nafasi, niko na nafasi. Ikijaa, inaandika jina peke yake. Hizo nyimbo ziliingia kwanza, ndio maana ziliimba."

"Na ile ya zamani niliyokupa?"

Kijana alianza kukusanya bisibisi zake. Alikuwa akitazama sakafu. Watu wa vyuma vikuukuu walishapita kitambo, na soda alishainywa.

Akatafuta tena katikati ya nyimbo, huenda kuna kilichopotea njia, na kweli akapata kimoja, kifupi, kilichorekodiwa siku ya kwanza kabla kazi haijaanza. Akakifungua, na sauti ya Gatimu ikajaa sebule, nzito, nzima, yenye afya: "Moja, mbili. Moja, mbili. Mama Wagaki, hebu fukuza hao kuku, wanaingia kwa maiki. Moja, mbili. Hii kitu inashika kweli?" Basi, ikaishia hapo.

Wagaki alijifunika uso kwa mikono. Wamucii aliruka kupunguza sauti asije Gatimu mwenyewe akasikia kutoka chumbani, na huko kuruka tu kulimuumiza kuliko yote; amekuwa mke wa kumficha mume sauti yake. Ndio, watu wanazo video za harusi zao, na Gatimu yumo humo anapiga kelele mpaka kesho. Lakini humo anawabariki watoto wa watu.

"Baba aandike tena," Wagaki alisema akipangusa macho. "Mtu amsomee. Hata Pasta."

"Unajua baba yako husema kinywa cha baba hakiazimwi."

"Basi asijue, Mama. Asijue mpaka Jumamosi ipite. Tutasema TV imeharibika."

Wakakubaliana hivyo.

*

Alhamisi wazee wa kanisa walikuja kuombea nyumba kabla ya wageni. Josphat ndiye aliyetangulia, na mkate mkubwa chini ya kwapa. Walikunywa chai, wakaomba, wakamsifu Mungu kwa ajili ya Gatimu, naye Gatimu akawa anainua mkono kama anayepokea makofi ukumbini. Kisha Josphat akajipiga paja.

"Mama Wagaki! Ile diski inachapa kazi?"

Sebule nzima ikamgeukia. Wamucii alikuwa ameshika birika. Aliwatazama watu waliomwokoa mumewe, wamekaa na vikombe vyake mikononi.

"Inafanya vizuri sana, ndugu. Mungu akubariki," alisema.

"Si niliwaambia!" Josphat aliwaambia wenzake. "Nimeleta zingine juzi. Mhazini, wewe si unataka kuweka rekodi za kanisa zote? Pita kwangu Jumatatu." Mhazini akaitikia kwa kichwa. "Hata hebu tumsikie mzee kidogo. Sio hiyo baraka, hiyo tunajua ni ya Jumamosi. Kaharusi kamoja tu, tucheke. TV si hii hapa?"

Gatimu uso ulimng'aa. Akamwonyesha mkewe kabati kwa kidole: lete. Humo, ndani ya kitambaa, diski ilikuwa vipande vipande.

"Hakuna stima," Wamucii akasema.

Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Wazee wakatazama juu. Balbu ilikuwa inawaka, ukungu wa milima ya Iveti uliwafanya wawashe taa mchana. Mmoja alikohoa. Josphat alicheka kidogo, kicheko cha kumsaidia mtu, akasema, "Haya, tutasikia Jumamosi," wakasimama wakatafuta kofia zao.

Wamucii aliwasindikiza hadi nje. Wengine walipotangulia, alimshika Josphat mkono wa koti.

"Ndugu, hizo diski usimuuzie mhazini. Usimuuzie mtu."

"Kwa nini?"

"Ni tupu. Tuliifungua. Ndani kuna nati." Alitaka kusema kwa upole, lakini alipofika hapo sauti ilimpasuka. "Baba Wagaki hayumo, Josphat. Hayumo hata kidogo!"

Josphat alisimama, mdomo wazi. Unaweza kumchukia mtu aliyekuibia. Lakini huyu hakuwa mwizi, ndilo tatizo. Yeye mwenyewe aliuziwa kwa katoni huko Nairobi, akaamini uzito kama alivyoamini Wamucii.

"Mimi nimeweka video za mazishi ya mama yangu huko," alisema. "Zote. Simu iliyokuwa nazo niliuza." Hakuaga. Aliwafuata wenzake akitembea kando kando ya barabara, na hakugeuka walipomwita.

*

Wamucii aliporudi ndani, Gatimu alikuwa amesimama chini ya ile balbu. Hakuwa mjinga, Gatimu. Miaka yote ile kazi yake ilikuwa kusoma nyuso za watu na kujua nani ataangua kicheko na nani ataangua kilio. Aliinyoosha simu, na alikuwa ameshaandika.

"Zimeenda?"

Wamucii alitafuta uongo mwingine, akakuta wote umekwisha. Akaitikia kwa kichwa.

Gatimu alirudi kwenye kiti chake akakaa polepole. Kitambaa cha shingoni kikawa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Wamucii alipiga magoti mbele yake akamshika mikono akamwambia yote, duka la Ramzi, kina mama wa kwaya, aibu, bei, nati, mpaka soda ya Erastus. Hakujitetea popote. Alipomaliza, Gatimu alichomoa mkono mmoja akaandika.

"Wewe ulikuwa hapo nje. Nilisema nini?"

Hilo ndilo swali lililomwua. Kwa maana kweli alikuwa hapo nje, siku zote zile. Ukuta wa chumba kile ni wa mbao. Mtu akikohoa huku unamsikia kule.

"Nakumbuka ulicheka," alisema. "Mahali fulani ulicheka sana. Na ulisema kitu juu ya mama yako, Wagaki mkubwa, na mtungi. Mtungi ama kibuyu. Na..." Alifumba macho akatafuta. Aliona sufuria ya maharagwe aliyokuwa akichambua, aliona mawe madogo aliyoyatupa kando, alikumbuka hata kwamba alikuwa akiwaza juu ya shati la mteja. Sauti ya mumewe ilikuwa ikipita juu ya kichwa chake saa hizo zote, ya mwisho, haitarudi tena duniani, na yeye alikuwa anachambua maharagwe.

"Sikusikiliza," alisema. "Si kwa sababu ulinikataza, Gatimu. Ningetaka ningesikia. Sikusikiliza kwa sababu nilijua inawekwa."

Gatimu akachukua simu akainama juu yake, na Wamucii akaona anaandika, moyo ukamrudi kidogo. Pengine anayaandika upya, pengine yako kichwani mwake yote, na Jumamosi hata kama ni Pasta atakayesoma maneno yatakuwa ni yale yale. Aliandika, akafuta. Akaandika, akatazama dirishani, akafuta. Akaanza tena, kidole kikasimama juu ya kioo kwa muda mrefu. Mwishowe alimpa simu, na juu yake palikuwa na mstari mmoja.

"Na mimi sikumbuki. Nilijua imewekwa."

Wamucii, ambaye hakulia hospitalini, wala siku bandeji ilipofunguliwa, alilia kwa sauti mpaka Wagaki akaja mbio kutoka jikoni akasimama mlangoni. Gatimu aliweka kiganja juu ya kichwa cha mkewe. Akafungua kinywa amwambie anyamaze, kama mume anavyomwambia mke, na midomo ikacheza vizuri kabisa, na pumzi ikatokea shingoni.